Jalada ni moja, toleo si moja: Mwongozo wa kununua CD za jazz za mitumba

MNUNUZI wa nguo za mitumba hufunua pindo, huvuta mshono na kutazama kwapa kabla ya kutoa pesa mfukoni. Mnunuzi wa CD za jazz zilizotumika, aghalabu, hutazama jalada tu. Akiona jina la Miles Davis au John Coltrane pamoja na picha aliyoizoea, hulipa akaenda zake. Hapo ndipo wengi wanapopotelewa na pesa. Albamu moja mashuhuri ya jazz huwa imetolewa kwenye CD mara kadhaa tangu miaka ya themanini, na matoleo hayo hayalingani. Sauti hutofautiana, idadi ya vibao hutofautiana, na katika kisa kimoja maarufu hata kasi ya muziki wenyewe ilitofautiana.

Makala haya yanawalenga hasa wasomaji wanaopata nafasi ya kuingia katika maduka ya ng'ambo, ama walio na jamaa huko wa kuwatuma. Maduka yenye rafu nzima za jazz iliyotumika yako zaidi Marekani, Japan na Ulaya. Kwetu hapa, aliyetaka muziki wa zamani amezoea kutafuta santuri na kanda, na CD halisi za jazz ya Marekani hazikupata kuwa nyingi.

Duka lililokuwa na sifa kubwa kuliko mengi lilikuwa Jazz Record Mart, mjini Chicago. Mwenyewe, Bob Koester, alianza kuuza santuri kuukuu akiwa mwanafunzi mjini St. Louis. Mnamo 1953 alianzisha kampuni ya kurekodi iliyokuja kuitwa Delmark, akahamia Chicago mwaka 1958, na mwaka uliofuata akanunua duka lililogeuka kuwa Jazz Record Mart. Kwa hivyo aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa mtu aliyewahi kulipia studio na kuwaita wanamuziki, na ukimuuliza tofauti ya matoleo mawili, alikuwa na jibu. Duka hilo lilifungwa Februari 2016, naye Koester akafariki Mei 2021. Maduka ya Tower Records nchini Marekani yalikuwa yametoweka tayari mwishoni mwa 2006. Yaliyosalia ni kama Amoeba Music katika jimbo la California, lililoanzia Berkeley mwaka 1990, na Disk Union ya Tokyo, ambayo wapenzi wa jazz husafiri kutoka mbali kuizuru.

Muuzaji mjuzi anapokosekana, mnunuzi hana budi kuyajua mwenyewe yale ambayo angemuuliza.

La kwanza ni kuelewa CD ya jazz hutoka wapi. Teknolojia hii ya kampuni za Philips na Sony iliingia sokoni nchini Japan mnamo Oktoba 1982. Jazz inayotafutwa sana, kwa upande mwingine, ilirekodiwa miaka ya hamsini na sitini kwenye kanda za sumaku na kutolewa kwenye santuri. Kila CD ya muziki huo, basi, ni nakala iliyofanywa na fundi fulani, mwaka fulani, kutoka kanda fulani. Kampuni nyingi zilipoharakisha kuingia katika biashara hiyo mpya, hazikujisumbua kila mara kutafuta kanda asilia. Zilichukua nakala iliyokuwa karibu, mara nyingi ile iliyotayarishwa kwa ajili ya kuchapia santuri. Baadaye zilirudi ghalani, zikatafuta kanda bora na kutoa upya albamu ileile kwa jalada lilelile.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Kind of Blue" ya Miles Davis. Albamu hiyo ilirekodiwa mjini New York kwa siku mbili za mwaka 1959, Machi 2 na Aprili 22, katika studio ya Columbia iliyokuwa kwenye barabara ya 30. Siku ile ya kwanza, mashine kuu ya kunasia sauti ilikuwa ikizunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda yake ilipochezwa kwenye mashine yenye kasi sahihi, muziki ulitoka ukienda mbio kidogo na sauti ikapanda juu kidogo. Vibao vyote vitatu vya upande wa kwanza wa santuri viliuzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mwanafunzi wa muziki aliyejaribu kumfuatisha Davis kwa tarumbeta yake nyumbani aliona ala yake haiafikiani na santuri, na pengine akajilaumu.

Bahati nzuri ni kwamba studio ilikuwa na mashine ya pili ya akiba iliyonasa muziki uleule kwa kasi sahihi. Kanda hiyo ya akiba ndiyo iliyotumika katika toleo la CD ya dhahabu la mwaka 1992, kisha katika toleo la kawaida la 1997. Mnunuzi aliyeko dukani anaweza kutambua bila kusikiliza. Toleo la Columbia la 1997 lina kibao cha sita, nacho ni rekodi ya pili ya "Flamenco Sketches". CD ya kampuni hiyo yenye vibao vitano pekee, iliyochapishwa miaka ya themanini, ni ile ya kasi isiyo sahihi. Zote mbili zinaweza kukaa rafuni bega kwa bega kwa bei moja.

Si kila mara toleo jipya hulishinda la zamani. Kampuni ya Blue Note, iliyoanzishwa New York mwaka 1939, ilitoa CD nyingi katika miaka ya themanini. Kisha mnamo 1999 ilianza kuuza nchini Marekani mfululizo uliobeba herufi RVG, yaani Rudy Van Gelder. Huyu ndiye fundi aliyezirekodi nyingi za albamu hizo, kwanza katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, na kuanzia 1959 katika studio aliyoijenga Englewood Cliffs. Alizirudia kanda zake mwenyewe akiwa mzee, na akafariki mwaka 2016. Mtu angetarajia kazi ya fundi mwenyewe iwe neno la mwisho, lakini wasikilizaji wamegawanyika. Wapo wanaosifu ukaribu wa sauti, na wapo wanaolalamika kwamba imekazwa mno, saksafoni inakuwa kali na piano inabanwa. Kwa maoni yangu, mwenye spika ndogo za nyumbani ataridhika na RVG, ilhali mwenye mitambo mizuri afadhali asikilize zote mbili kabla ya kuamua.

Mfululizo ambao hauna utata mkubwa ni Original Jazz Classics, ulioanzishwa mwaka 1982 na kampuni ya Fantasy ya Berkeley. Huu ulirudisha sokoni albamu za Prestige, Riverside na Contemporary zikiwa na majalada yake ya asili na maelezo yaliyoandikwa zilipotoka mara ya kwanza. CD zake hutambulika kwa nambari inayoanza na OJCCD. Ni nyingi, si ghali, na mtu anayeanza kujenga maktaba yake hatajuta akianzia hapo.

Nyuma ya kasha la CD za zamani kuna herufi tatu kama AAD, ADD au DDD. Ya kwanza huonyesha jinsi muziki ulivyorekodiwa, ya pili jinsi ulivyochanganywa, na ya tatu jinsi nakala ya mwisho ilivyotayarishwa. A ni kwa kanda na D kwa dijitali. Albamu ya mwaka 1957 iliyoandikwa DDD inapaswa kutiliwa shaka. Lakini msomaji asidhani herufi hizo ni cheti cha ubora. AAD iliyotokana na kanda nzuri huishinda ADD iliyotokana na nakala mbovu. Mwaka uliochapishwa kando ya herufi P iliyo ndani ya duara husaidia, ingawa wakati mwingine kampuni huandika mwaka wa rekodi na si wa toleo. Geuza diski, utazame duara dogo lililo karibu na tundu la katikati. Ukiona herufi IFPI zikifuatwa na nambari, diski hiyo yaelekea ilichapishwa mwaka 1994 au baadaye, maana alama hizo zilianza wakati huo.

Sasa diski yenyewe. Watu huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, kumbe upande dhaifu zaidi ni ule wenye maandishi. CD ni plastiki ngumu yenye unene wa milimita 1.2. Muziki uko juu ya plastiki hiyo, katika utando mwembamba wa alumini, na juu ya utando kuna rangi ya kinga na maandishi tu. Mkwaruzo wa upande wa chini hugusa plastiki, na mashine ina uwezo wa kukisia kilichokosekana. Mkwaruzo wa upande wa juu ukifika kwenye alumini, muziki wa hapo umekwenda na hakuna dawa. Inua diski kuelekea taa. Kijitundu kimoja kidogo si neno, lakini mistari inayopitisha mwanga ni sababu ya kuirudisha rafuni. Kwa upande wa chini, mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni hauna madhara makubwa. Unaofuata mzunguko ndio mbaya, kwa sababu unafunika sehemu ndefu ya muziki kwa mfululizo. Ndiyo maana pia CD hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha.

Iwapo upande wa chini una rangi ya samawati, kijani au zambarau, hiyo mara nyingi ni CD ya kuchomwa, hata kama jalada limechapishwa kwa ustadi. Aliyepita katikati ya jiji la Nairobi miaka ya 2000 hahitaji kuelezwa zaidi. Rangi ya shaba inayotambaa kutoka ukingoni ni jambo tofauti. Ni ugonjwa uliozikumba diski zilizochapishwa katika kiwanda cha PDO mjini Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993, na jina la kiwanda huonekana karibu na tundu la katikati. Diski iliyoanza kugeuka hivyo itaendelea kuharibika hata ukiitunza kama yai.

Kasha lililopasuka lisikukatishe tamaa, kwani hubadilishwa kwa pesa kidogo. Kijitabu kilichopotea hakibadilishwi. Katika jazz, kijitabu ni nusu ya ununuzi, maana humo ndimo mnamotajwa nani alipiga ngoma, tarehe gani na studio ipi. Hakikisha pia kwamba diski iliyomo ndani ndiyo inayotajwa nje, na kama ni mkusanyiko wa diski nne, zihesabu zote nne.

Kuna alama zinazowatisha wageni bila sababu. Kasha lililokatwa kwa msumeno kwenye mgongo, au kutobolewa penye mistari ya bei, maana yake ni kwamba bidhaa haikuuzika, na kampuni ikaitupa sokoni kwa bei ya chini. Muziki wake ni mzima. CD zenye mhuri wa kukataza mauzo, kwa kuwa zilitolewa bure kwa watangazaji wa redio, nazo ni halali. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua dhidi ya kampuni iliyomshtaki mtu aliyekuwa akiziuza. Zile zilizotolewa na klabu za kuuza muziki kwa posta hazithaminiwi na wakusanyaji. Hilo ni faida kwa anayetaka kusikiliza tu.

Jambo ambalo mgeni wa rafu za jazz hulikosa ni kwamba CD hupangwa kwa jina la kiongozi wa bendi, ilhali wanamuziki wa jazz walikuwa wakipigiana kila wiki. Mtu akitafuta Miles Davis chini ya herufi D peke yake, hataiona "Somethin' Else" ya mwaka 1958, ambayo imewekwa kwa jina la Cannonball Adderley ingawa tarumbeta ni ya Davis. Mpenzi wa Coltrane sharti atazame pia kwa Thelonious Monk. Humo kuna tamasha la ukumbi wa Carnegie la Novemba 29, 1957, ambalo kanda zake zilikaa katika Maktaba ya Bunge la Marekani bila kujulikana hadi zilipogunduliwa mwaka 2005 na kutolewa kwenye CD mwaka huohuo.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kupekua. Mwaka 1960, nchi za Afrika zilipokuwa zikijinyakulia uhuru, mpiga piano Randy Weston alirekodi mjini New York albamu aliyoiita "Uhuru Afrika". Mshairi Langston Hughes aliiandikia maneno, Melba Liston akapanga muziki wa bendi kubwa, na Mtanganyika Tuntemeke Sanga akatamka sehemu yake kwa Kiswahili. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Kwenye CD ilitolewa ikiwa imeunganishwa na albamu yake nyingine, "Highlife". Weston alifariki mwaka 2018, na mnunuzi anayekutana na diski hiyo asiiache.

Muongo mmoja baada ya Weston, mpiga piano Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili. Hancock alikuwa Mwandishi, na ndilo jina la albamu waliyoitoa mwaka 1971. Eddie Henderson, ambaye kweli alisomea udaktari, aliitwa Mganga. Billy Hart akawa Jabali, Buster Williams akawa Mchezaji, Bennie Maupin akawa Mwile na Julian Priester akawa Pepo Mtoto. Majina haya ndiyo yanayoonekana katika orodha ya wanamuziki, nao Wamarekani wengi waliyasoma wasijue maana. Muziki wenyewe si mwepesi. Anayetarajia jazz ya hotelini atashtuka. Mkusanyiko wa diski mbili wa mwaka 1994 unabeba albamu tatu alizorekodia kampuni ya Warner Bros., na ndio njia ya nafuu ya kuupata.

Kinyume chake, neno jazz katika majina ya bendi zetu lisimpotoshe mtu. OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa Leopoldville mwaka 1956, ni rumba. Shirati Jazz ya D.O. Misiani, aliyefariki mwaka 2006, ni benga. Morogoro Jazz, ambako Mbaraka Mwinshehe alipata umaarufu kabla ya kuunda Super Volcano, ni muziki wa dansi. Enzi hizo neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa yenye gitaa na saksafoni. Katika maduka ya ng'ambo, CD hizo hazipo kwenye rafu ya jazz bali ile ya Afrika, na wakati mwingine bei yake huwa ndogo kwa sababu muuzaji hajui alicho nacho.

Kuhusu haki za wanamuziki, ukweli usifichwe. CD inapouzwa mara ya pili, msanii hapati mrabaha wowote. Sheria ya Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1908 na baadaye kifungu cha 109 cha sheria ya hakimiliki ya 1976, inasema aliyenunua nakala halali ana uhuru wa kuiuza. Anayetaka kumsaidia mwanamuziki aliye hai anunue CD mpya, hasa anayoiuza msanii mwenyewe ukumbini. Kwa waliokwisha kufa, na albamu ambazo hazichapishwi tena, duka la mitumba ndilo lililobaki.

Kuna pia makasha ya bei rahisi kutoka Ulaya yenye albamu nne, sita au nane kwa pamoja. Huko hakimiliki ya rekodi ilidumu miaka 50 hadi mwaka 2013 ilipoongezwa kuwa 70, lakini nyongeza hiyo haikufufua haki zilizokwisha, kwa hivyo rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 ni huru kwa yeyote. Wachapishaji wengi wa makasha hayo hawana kanda asilia. Wananakili CD za wengine, wanapunguza kijitabu kuwa karatasi moja, na majina ya wapiga ala hutoweka. Ni halali huko, na kwa mwanafunzi asiye na kitu ni msaada. Ila CD moja ya asili iliyotumika, kwa bei hiyohiyo, ina thamani zaidi.

Suala hili la kanda asilia si la wakusanyaji peke yao. Juni 1, 2008, moto uliteketeza ghala katika uwanja wa studio za Universal huko Hollywood. Mwaka 2019 gazeti la New York Times liliripoti kwamba humo mlikuwa na kanda asilia nyingi mno, zikiwemo za Impulse, kampuni iliyomrekodi Coltrane katika miaka yake ya mwisho. Kampuni ya Universal ilipinga ukubwa wa hasara uliotajwa. Vyovyote ilivyokuwa, kanda iliyoungua hairudiwi na fundi yeyote, na nakala iliyofanywa kabla ya 2008 ndiyo itakayobaki kuwa karibu zaidi na siku ile studioni. Nakala kama hizo zimo katika masanduku ya dola chache, zikiwa na vibandiko vya bei vilivyorundikana.

Vibandiko hivyo visikwaruliwe kwa kisu. Pashia kasha joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, na gundi italegea. Nyumbani, simamisha CD wima kama vitabu, mbali na jua la dirishani, wala usiandike kwa kalamu ya wino juu ya diski. Kabla ya kuondoka dukani uliza kama unaweza kuirudisha ikikwama, na ni ndani ya siku ngapi. Maduka mengi mazuri hukubali ukiwa na risiti. Aliyetumwa na jamaa aliye Kenya aichezee hukohuko hadi kibao cha mwisho kabla ya kuipakia. CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, hivyo kibao cha mwisho ndicho kilicho karibu na ukingo, mahali vidole vya mwenyewe wa kwanza viliposhika kila siku.